Nikifomati simu, hawa wa mkopo wataacha kunidhalilisha?

"Habari za kazi kaka. Mimi naishi Mbagala Rangi Tatu, nafanya usafi kwenye ofisi moja Posta na jioni nakaanga chapati nyumbani. Januari watoto walipokuwa wanafungua shule nilikopa kwenye apu niliyoiona Facebook, nikaomba 80,000 ikaingia 52,000, wakasema nirudishe 80,000 ndani ya siku saba. Sikuwa nayo, wakaniambia nilipe 28,000 waniongezee wiki, nimelipa hivyo mara mbili na deni bado ni 80,000 ileile. Sasa wameanza kuwapigia watu. Wamempigia mama mkwe wangu Handeni, wamempigia supavaiza wangu, mpaka kijumbe wa mchezo wetu, na wamefungua grupu la WhatsApp wameweka picha yangu wameandika MWIZI ANATAFUTWA. Apu nimeshaifuta lakini bado wanapiga. Mdogo wangu anasema nifomati simu, kuna fundi Kariakoo anataka 30,000 anasema atawatoa kabisa. Hivi nikifomati wataacha? Na wamejuaje yule ni mama mkwe wangu, au wanasikiliza simu zangu? Picha ya kitambulisho changu cha NIDA wanayo pia. Nilipe? Laini nitupe? Nimechoka kaka, kazini naingia nimeinamisha kichwa."

Pole sana dada'angu. Nianze na la fundi maana ndilo linaloweza kukutoa hela leo hii: usimpe hiyo elfu 30. Simsemi kwamba ni tapeli, inawezekana anaamini kabisa anachokuambia, ila kazi anayotaka kulipwa haipo. Hao watu hawamo tena ndani ya simu yako. Siku uliyobonyeza Ruhusu walichukua walichokitaka wakaondoka nacho, na sasa hivi kipo kwenye kompyuta zao, seva, ambayo inaweza kuwa hapa mjini au nje ya nchi kabisa. Ukifomati simu unapoteza picha za watoto na namba zako wewe mwenyewe, wao wanabaki nazo zote. Laini ukibadilisha ni hivyohivyo, kwa sababu wanaowapigia ni wengine, siyo wewe.

Watu wengi wakisikia hivi wanasema basi "wamenidukua". Hapana, hakuna aliyedukua chochote, mlango ulifunguliwa kwa heshima zote na huo ndio ubaya wake. Simu za Android toka toleo la 6 lililotoka 2015 zinakuuliza ruhusa mojamoja, apu inataka majina, inataka meseji, inataka kamera, na wewe unajibu ndiyo au hapana. Zamani ulikuwa unakubali vyote kwa mkupuo ukiwa unainstoli. Sasa angalia swali lenyewe linavyoulizwa. Kama simu yako iko kwa Kiswahili, orodha ya majina ya watu imeitwa "anwani". Eti unaruhusu apu ifikie anwani zako? Mtu wa kawaida akisoma anwani anafikiria anaulizwa anakaa wapi, Rangi Tatu, nyumba namba fulani, anaona mkopeshaji ana haki ya kujua hilo, anabonyeza. Mimi hilo neno linanikera miaka yote. Halafu na hilo "ifikie", linasikika kama mgeni anakuja kusalimia anaondoka, wakati maana yake ni kwamba apu inaweza kusoma orodha nzima na kuinakili. Kwenye Android nyingi tulizonazo mtaani hakuna cha kusema nampa namba tano tu, ni zote au hakuna. iPhone ndiyo wameleta kuchagua majina machache, na hiyo ni kuanzia iOS 18 ya 2024.

Na usifikiri kunakili kunachukua muda ungeshtuka. Tuseme umesevu watu 800. Jina na namba ya mtu mmoja ni kama herufi 40, zidisha kwa 800 unapata herufi elfu 32, yaani KB 32 hivi. Picha moja ya kamera ya simu inakula MB 3 kirahisi. Kwa hiyo ukoo wako wote na wateja wako wote wa chapati wana uzito wa kama asilimia moja ya picha moja ya hizo chapati, zinapita kwenye bando lolote kabla hujatoa kidole kwenye kioo. Ndiyo maana kufuta apu baadaye hakusaidii kwa yale yaliyokwisha kwenda. Inasaidia kitu kimoja, kwamba namba utakazosevu kuanzia leo hawatazipata, kwa hiyo ulifanya vizuri kuifuta, ila usitegemee zaidi ya hapo.

Sasa wamejuaje yule ni mama mkwe. Dada, umemsevuje? Nina uhakika umeandika "Mama Mkwe", au "Mkwe Handeni". Na supavaiza umemwandika supavaiza, na kijumbe umemwandika Kijumbe. Wote tunafanya hivyo, sisi hatusevu watu kwa majina yao ya NIDA, tunasevu kwa undugu na kwa kazi, Mama Mkwe, Baba Mdogo, Bosi, Shemeji Temeke. Yaani tumeshawafanyia kazi yao yote, kompyuta inatafuta tu maneno mama, baba, bosi, mume, mkwe, inaleta orodha fupi ya watu ambao ukiaibishwa mbele yao utauza hata godoro. Kama uliruhusu na historia ya simu basi wanajua pia nani unaongea naye kila siku. Haihitaji mtu kukusikiliza. Na kusikiliza mazungumzo yenyewe ya simu ni kazi nyingine kabisa, Android za miaka hii zinaizuia apu ya kawaida isirekodi sauti ya simu, kwa hiyo hilo la kusikilizwa litoe kichwani.

Mimi mwenyewe yamenikuta kwa upande wa pili. Nilikuwa kwenye daladala natoka Mwenge, ikapiga namba nisiyoijua, dada mmoja mkali kweli ananiuliza "wewe ndiye Bosi Friji Sinza?" Nikabaki nashangaa, mimi friji yangu moja na yenyewe mbovu. Kumbe kuna fundi alinitengenezea friji mara moja tu, na ndivyo alivyonisevu, na huyo dada ananiambia mimi ni mdhamini wake. Namba yangu ikawa imefika kwenye seva ya watu nisiowajua, na mimi hiyo apu sijawahi hata kuiona. Nakusimulia ili ujue mama mkwe wako na yeye ni mtu aliyechukuliwa taarifa zake bila kuulizwa, nitarudi hapo nikifika kwenye sheria.

Hapa ndipo ilipo biashara yao yote. Benki ikikukopesha inataka dhamana, hati ya kiwanja, kadi ya gari. Kikoba kinataka akiba yako na watu wanaokujua. Hawa walichukua dhamana pia, na dhamana yenyewe ni watu, wale 800. Kila mtu mle ana bei, na bei yake ni aibu utakayoiona akipigiwa. Ndiyo maana wanaanza na mama mkwe na siyo na muuza mkaa. Ukishaelewa hivyo utaona kwamba hutaweza kuwanyang'anya orodha, ila thamani ya ile orodha iko mikononi mwako bado, kwa sababu aibu ina nguvu pale tu ambapo mtu anasikia kwao kwanza kabla ya kusikia kwako.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya leo, kabla ya polisi, kabla ya chochote, ni kuwatangulia. Wapigie kwa sauti watu watano sita wazito. Mama mkwe kama ana kitochi mpigie, usimtumie meseji, ongea naye vizuri au umwombe mumeo aongee na mama yake. Supavaiza mwone ana kwa ana asubuhi kabla hajaanza kazi. Kijumbe naye hivyohivyo, maana yeye anashika hela za watu na wenzako wa mchezo wakianza kuogopa kwamba utakimbia na zamu yako hapo utapata tatizo jingine. Waliobaki waandikie kitu kama hiki, badilisha utakavyo: "Ndugu zangu, nilikopa kwenye apu ya simu na imechukua namba zote nilizosevu bila mimi kuelewa. Wakikupigia wakasema wewe ni mdhamini wangu siyo kweli. Usitume hela yoyote. Naomba unitumie skrinishoti ya meseji na namba iliyokupigia." Weka status pia. Orodha ya kutuma kwa wengi ya WhatsApp inachukua watu 256 na inawafikia tu wale ambao na wao wamekusevu, kwa hiyo wengine watumie meseji ya kawaida. Najua ni ngumu, najua kabisa, kumwambia mkwe kwamba ulikopa ni kitu kinachokwama kooni. Ila watu niliowaona wakifanya hivi ndani ya siku mbili tatu wanaanza kupokea majibu ya "hata mimi walinifanyia hivyohivyo", na ile sauti kali ikipiga inakutana na mtu anayejua habari yote.

Na grupu la MWIZI ANATAFUTWA, usitoke kwanza. Piga skrinishoti za kila kitu, jina la grupu, namba za waliolifungua, picha, tarehe na saa zionekane, halafu ripoti grupu ndani ya WhatsApp kwenyewe, waombe na ndugu zako waliomo waripoti, ndiyo utoke. Ingia kwenye setingi za faragha weka kwamba wanaokuongeza kwenye magrupu ni uliowasevu tu, na picha ya profaili ionekane kwa uliowasevu tu, maana mara nyingi picha wanayoitumia wameichukua hapohapo, hata hawahitaji kuingia kwenye galari yako.

Tuje kwenye simu. Hujaniambia uliipakua wapi, na hapo pana tofauti kubwa. Google kuanzia tarehe 31 Mei 2023 walipiga marufuku apu za mikopo zilizo Play Store zisichukue majina ya watu, picha wala mahali hasa ulipo, na ruhusa ya kusoma meseji na historia ya simu walikuwa wameshaibana toka 2019. Na kuna sheria yao nyingine watu hawaijui, mkopo unaotakiwa kulipwa wote ndani ya siku 60 au pungufu hauruhusiwi kabisa Play Store. Ndiyo maana utakuta kwenye maelezo wameandika siku 91, ukiingia ndani unakuta saba. Wengine wakaona usumbufu, wakahamia kutuma linki, unabonyeza tangazo, linashuka faili, simu inakuonya kwamba chanzo hakijulikani, unakubali kwa sababu una shida na hela. Faili la namna hiyo halijapita mlangoni kwa Google kuomba kibali, kwa hiyo linaweza kuomba lolote.

Meseji ndizo zinazonitisha mimi kuliko hata majina. Kwenye meseji zako kuna kila muamala wa M-Pesa na wa mitandao mingine, umepokea kiasi gani, kutoka kwa nani, salio limebaki shilingi ngapi, mshahara unaingia tarehe ngapi. Mkopeshaji akiwa nazo anajua asubuhi gani ya kukupigia. Na namba za uthibitisho za WhatsApp au za benki nazo zinapita humohumo.

Kwa hiyo fanya hivi jioni ukishamaliza chapati. Ingia setingi, sehemu ya apu, pitia moja baada ya nyingine, na hasa zile zisizo na jina wala ikoni, ukiona usiyoijua iondoe. Ikigoma kuondoka tafuta sehemu ya wasimamizi wa kifaa uizime hapo kwanza. Halafu angalia sehemu ya ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya wasioona ili simu iwasomee kilichopo kwenye kioo. Ni kitu kizuri sana kwa aliyekihitaji, ila apu ya matapeli ikipewa hiyo inasoma kila unachoandika na inaweza hata kubonyeza badala yako. Ukikuta apu ya mkopo imewashwa hapo, au uliipata kwa linki na hukumbuki ulikubali nini, basi hapo ndipo na mimi nitakuambia fomati, na siyo kwa sababu ya wale wanaopiga, ni kwa sababu ya hela yako ya kesho. Hamisha picha kwanza, fomati wewe mwenyewe, setingi inayo, bure, haihitaji Kariakoo. Ukimaliza badilisha namba ya siri ya pesa zako za simu na neno la siri la barua pepe, na washa uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp. Kama uliipata Play Store na ufikivu uko safi, kuifuta kunatosha.

Kitambulisho cha NIDA. Hapa nakupunguzia hofu kidogo, siyo yote. Laini za simu nchini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole Mei 2019, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020, kwa hiyo mtu mwenye picha tu ya kitambulisho chako bila kidole chako hawezi kwenda kwa wakala akasajili laini kihalali. Anachoweza ni kuituma picha kwenye magrupu kukutisha, au kuitumia kwenye apu nyingine legelege kama yao. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, na uwe unarudia kila baada ya miezi kadhaa, ukikuta usiyoijua nenda duka la mtandao husika na kitambulisho waiondoe.

Sasa swali gumu, ulipe? Mimi ni mtu wa usalama wa mifumo, siyo mwanasheria, ila hesabu naweza. Umepokea 52,000. Umelipa 28,000 mara mbili, ni 56,000. Yaani umesharudisha zaidi ya ulichopewa na bado unadaiwa 80,000. Ile 28,000 juu ya 52,000 ni karibu asilimia 54, kwa siku saba. Wakopeshaji wenye leseni ya daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kikomo chao cha riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa hela yako ni shilingi 1,820. Weka hizo namba mbili pamoja uziangalie. Mikopo ya namna hii watu wameiita kausha damu na hawakukosea.

Kwa hiyo ya kuongezewa wiki usilipe tena hata senti, hiyo haipunguzi deni, ni kodi ya kunyamaziwa siku saba. Na kwa Mungu usikope apu ya pili kulipa ya kwanza, maana utawapa na wa pili watu walewale 800. Kuhusu kilichobaki kuna njia mbili na zote zina ubaya wake. Unaweza kulipa yote uwe huru, na kuna walioachwa baada ya hapo, lakini nimeona pia waliolipa wakapigiwa tena, au wakatumiwa hela wasiyoomba, mkopo mpya ukaanza kuhesabiwa. Ikikutokea hiyo usiitumie, piga skrinishoti, ripoti. Njia ya pili ni kuwaandikia, kwa maandishi na siyo kwa simu, kwamba umepokea 52,000, umelipa 56,000 kwa tarehe hizi na hizi, unaomba namba ya leseni yao ya Benki Kuu na mchanganuo wa deni, halafu huongezi neno. Mkopeshaji halali atakutumia leseni. Mwenye kutukana atatukana, na tusi lake ni ushahidi wako. Mimi ningekuwa wewe ningeenda na ya pili, ila kabla hujakataa deni moja kwa moja ongea na wanasheria, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na LHRC, kituo cha sheria na haki za binadamu, wote wana ofisi hapa Dar na wanatoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo.

Leseni unaweza kuiangalia mwenyewe. Benki Kuu ilitoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali Agosti 2024, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza majina ya aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Usisome ile orodha ya 69 ukaona apu yako haimo ukasema basi iko salama, kubadilisha jina na nembo ya apu ni kazi ya siku moja. Tafuta orodha ya waliopewa leseni, kwenye tovuti ya Benki Kuu, na jina la kampuni ndilo utafute, siyo jina la apu.

Na sheria iko upande wako zaidi ya unavyofikiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na ina tume yake iliyozinduliwa Aprili 2024. Taarifa zikikusanywa kwa kazi moja hazitakiwi kutumika kwa nyingine, na wewe una haki ya kudai zifutwe na kudai fidia. Na kumbuka mama mkwe, yeye hakukopa, hakukubali kitu, kwa hiyo malalamiko yake ni mazito pengine kuliko yako, wote mnaweza kuyapeleka kwenye Tume. Kukutisha na kukudhalilisha kwa njia ya mtandao ni kosa chini ya kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hilo ni la polisi. Nenda kituoni fungua jalada upewe RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, usikubali kuambiwa "hilo ni deni tu mkalipane", waambie deni ni jambo moja na picha yako iliyoandikwa mwizi ni jambo jingine. Sitakudanganya kwamba watakamatwa wiki hii, wanaopiga mara nyingi wanatumia laini za kubadilishabadilisha na ofisi haijulikani ilipo. Ila RB ukimwonyesha supavaiza, hadithi inabadilika palepale nani ni mkosaji. Zile namba zinazotuma meseji za "lipa kwenye namba hii" zitume 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Kukopa siyo dhambi, na Januari ya Dar kila mzazi anaijua. Ukibanwa tena jaribu kwanza mikopo ya mitandao ya simu yenyewe, Songesha, M-Pawa, Nivushe, Timiza, ina gharama zake na isome vizuri, ila hao hawana haja na majina yako kwa sababu miamala yako inapita kwao tayari, wanakupima kwa hiyo. Kwa mtaji wa chapati kuna ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, haina riba, inataka muwe kikundi, mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Inachelewa kweli, hilo watakuambia wote.

Laini usiitupe. Laini ikikaa bila kutumika kampuni inaweza kuizima na kuigawa upya kwa mteja mwingine, na siku hiyo namba zako za uthibitisho za WhatsApp na za benki zinaanza kumwingia mtu usiyemjua, utakuwa umekimbia moto ukaingia mtoni. Baki nayo, namba usizozijua ziweke kimya, zile wanazotumia wao usizifute maana polisi watazitaka.

Kama usingizi hauji, au unafikiria kujidhuru kwa ajili ya hili, hiyo usisubiri jibu la mtu wa mtandaoni kama mimi, mwambie mumeo au dada yako usiku huohuo na uende hospitali. Ukienda Benki Kuu pale Mirambo kulalamika, nenda asubuhi, beba skrinishoti zikiwa zimeprintiwa, meseji za miamala mitatu, ule wa 52,000 kuingia na ile miwili ya 28,000 kutoka, na kopi ya RB. Na kaandike barua kabisa ukiwa nyumbani, ukiandikia pale dirishani lazima utasahau tarehe.